Shampuu moja, nchi 13, michanganyiko miwili: uchambuzi wa kisa cha Johnson's Baby

Mwishoni mwa 2011, mama aliyenunua shampuu ya watoto ya Johnson's mjini Cape Town na mwenzake aliyeinunua Chicago walirudi nyumbani na chupa zenye jina moja na ahadi moja: haitamchoma mtoto macho. Kilichokuwa ndani hakikuwa kimoja. Ya Chicago ilihifadhiwa kwa quaternium-15, kemikali inayoachia formaldehaidi (kemikali kali inayoua vijidudu) kidogo kidogo ikiwa ndani ya maji. Ya Cape Town haikuwa nayo.

Tofauti hiyo iligunduliwa na muungano wa mashirika ya Marekani uitwao Campaign for Safe Cosmetics, ambao ulikagua lebo za shampuu hiyo katika nchi 13. Marekani, Kanada, China, Indonesia na Australia, quaternium-15 ilikuwemo. Uingereza, Denmark, Sweden, Norwei, Ufini, Uholanzi, Japani na Afrika Kusini, haikuwemo. Kampuni ileile, mtoto yuleyule kwa umri na kwa ngozi, ila mpaka wa nchi tu.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kimeandikwa sana, kina mwanzo na mwisho unaojulikana, na kinagusa maswali ambayo wazazi huulizana kila siku wakiwa kwenye foleni ya kliniki: sabuni hii ni salama? Ile ya bei ghali ndiyo nzuri? Kilichoandikwa “laini kwa mtoto” kina maana gani? Msimamo wangu nautoa mapema. Katika mjadala ule hofu ya saratani ilipewa sauti kubwa kuliko ushahidi wake, suala la mzio wa ngozi likapewa sauti ndogo kuliko lilivyostahili, na swali la kwa nini watoto wa nchi moja wapewe mchanganyiko tofauti na wa nchi nyingine lilihitaji jibu zaidi ya kuambiwa kwamba yote miwili ni salama.

Kilichopimwa mwaka 2009

Kisa chenyewe kilianza Machi 2009. Muungano huo ulitoa ripoti baada ya kupeleka maabara bidhaa 48 za watoto, nyingi zikiwa shampuu, sabuni za maji, sabuni za povu la beseni na losheni. Zote 48 zilipimwa 1,4-dioksani (uchafu wa kikemia unaojitokeza kiwandani), na 28 kati yake zikapimwa pia formaldehaidi. Dioksani ilionekana katika bidhaa 32. Formaldehaidi ilionekana katika 23 kati ya zile 28. Bidhaa 17 zilikuwa na zote mbili. Kiwango cha juu kabisa cha formaldehaidi kilikuwa sehemu 610 kwa milioni, na cha dioksani sehemu 35 kwa milioni.

Bidhaa hizo zilitoka kwa watengenezaji wengi, si Johnson & Johnson peke yake. Lakini jina la Johnson's ndilo lililobeba mjadala, kwa kuwa ndilo jina ambalo wazazi karibu dunia nzima hulitaja wakisema shampuu ya mtoto. Nchini China baadhi ya maduka yaliziondoa bidhaa hizo rafuni ripoti ilipotangazwa.

Jambo lililowaumiza wazazi wengi halikuwa tarakimu. Lilikuwa kwamba hakuna chupa hata moja iliyoandikwa formaldehaidi wala dioksani, na hakuna sheria iliyokuwa imevunjwa. Sheria ya Marekani iliwataka watengenezaji waorodheshe walichokitia. Dioksani haitiwi na mtu, hujitokeza yenyewe kiwandani kama uchafu. Formaldehaidi nayo haitiwi, huachiwa na kihifadhi baada ya chupa kufungwa. Mzazi aliyesoma lebo neno kwa neno, tena kwa uangalifu kuliko wengi wetu, asingeziona.

Dioksani inatoka wapi

Hapa ndipo penye kiini cha kisa, na ningependa tukae kidogo.

Kazi ya sabuni ni kushika mafuta na uchafu ili maji yavichukue. Shida ni kwamba molekuli zake haziishii kwenye uchafu. Hupenya tabaka la juu la ngozi, huvuruga protini zake na kuondoa mafuta yanayozuia unyevu usitoke mwilini. Molekuli ndogo, kama za sodium lauryl sulfate, hupenya kwa urahisi na kuwasha. Ngozi ya mtoto mchanga bado inajijenga, na eneo lake ni kubwa ukililinganisha na uzito wa mwili wake, kwa hiyo kinachomgusa mtoto kina uzito zaidi kuliko kikimgusa mtu mzima.

Watengenezaji walipata njia ya kuzipoza molekuli hizo: kuzirefusha. Kiwandani huunganishwa na gesi ya ethilini oksaidi, na kila kipande cha gesi hiyo kinachojishikiza kinaikuza molekuli, mpaka inakuwa kubwa kiasi cha kushindwa kupenya ngozi kirahisi. Kwa njia hiyo, badala ya sodium lauryl sulfate hupatikana sodium laureth sulfate, ambayo ni pole zaidi. Shampuu ya Johnson's ya wakati ule ilikuwa na PEG-80 sorbitan laurate, molekuli iliyorefushwa kwa takriban vipande 80. Hiyo, pamoja na cocamidopropyl betaine inayotokana na mafuta ya nazi, ndiyo iliyofanya povu lisichome macho. (Uvumi wa siku nyingi kwamba shampuu hizi zinalitia jicho ganzi hauna ukweli. Hakuna dawa ya ganzi ndani yake. Ni ukubwa wa molekuli na kiwango cha asidi kilichopangwa kisiudhi jicho.)

Sasa, katika kuunganisha huko, vipande viwili vya ethilini oksaidi wakati mwingine hushikana vyenyewe na kufunga duara. Duara hilo ndilo 1,4-dioksani. Maana yake ni kwamba kemikali ile iliyowatisha wazazi ilitokana na hatua ileile iliyofanya shampuu iwe pole. Haikuwa hujuma wala ujanja wa kupunguza gharama ya viambato. Kosa, pale lilipokuwepo, lilikuwa kutoiondoa, kwa sababu inaondoleka: malighafi huvutwa kwa ombwe na dioksani hutoka pamoja na mvuke. Kiwanda kinachoisimamia hatua hiyo kinafikia kiwango cha chini sana. Kisichoisimamia kinafika 35.

Kihifadhi si adui

Formaldehaidi ina historia tofauti kabisa. Shampuu kwa sehemu kubwa ni maji. Chupa hukaa bafuni kwenye joto, hufunguliwa kwa mikono yenye maji, hufungwa nusu, huanguka kwenye beseni. Bila kihifadhi, bakteria kama Pseudomonas huzaliana humo, na chupa hiyohiyo ndiyo inayomwagwa karibu na macho ya mtoto na kitovu ambacho hakijapona. Shampuu isiyo na kihifadhi chochote ina hatari kubwa kuliko ile iliyokuwa na quaternium-15, na nalisema hilo bila kusita. Anayekuuzia sabuni ya maji ya mtoto akijisifu kwamba haina kihifadhi muulize imetengenezwa lini na inakaa siku ngapi.

Quaternium-15 ilipendwa viwandani kwa sababu inafanya kazi vizuri katika viwango vingi vya asidi, ni ya bei nafuu, na kidogo tu kinatosha. Inaua bakteria kwa kuachia formaldehaidi polepole. Hivyo formaldehaidi iliyopimwa mwaka 2009 haikuwa ajali, ndiyo dawa yenyewe ikiwa kazini.

Hatari ilikuwa na uzito gani

Mtu akisikia formaldehaidi kwetu anakumbuka formalini ya mochwari, na ni kemikali hiyohiyo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka mwaka 2004 katika kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Lakini ushahidi ule ulitoka kwa watu waliokuwa wakiivuta kwa pua, wafanyakazi wa viwandani na wanaohifadhi maiti, kwa miaka mingi. Haukutoka kwa watoto waliooshwa nywele kwa sabuni inayosuuzwa baada ya dakika mbili. Dioksani, kwa upande wake, iko katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani, kundi la 2B, kwa ushahidi wa wanyama waliopewa kwa wingi. Kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya ilipolipitia suala hilo mwaka 2015 ilisema mabaki ya dioksani yasiyozidi sehemu 10 kwa milioni katika vipodozi ni salama. Kwa kipimo hicho bidhaa yenye sehemu 35 imevuka mstari, na bidhaa zilizokuwa chini ya 10 hazikustahili kuwanyima wazazi usingizi.

Mzio ni habari nyingine. Formaldehaidi na quaternium-15 zote ni visababishi vya mzio wa ngozi vinavyojulikana na madaktari kwa miaka mingi, na chama cha madaktari wa mzio wa ngozi cha Marekani kiliitaja formaldehaidi kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka 2015. Hapa haihitajiki miaka 30 kiwandani. Inatosha ngozi iliyokwisha kuchubuka, hasa ya mtoto mwenye pumu ya ngozi, ikutane na kemikali hiyo mara kwa mara, mpaka siku moja mwili uanze kuikataa. Na mwili ukishaanza kuikataa, kwa kawaida hauachi. Mtoto anakua, anakuwa fundi, anavaa nguo mpya iliyowekewa dawa ya kuzuia mikunjo, au anapaka kipodozi, na vipele vinarudi.

Kampuni ilijitetea kwa kusema kwamba mtu hupata formaldehaidi nyingi zaidi katika tofaa moja kuliko katika chupa 15 za shampuu ya mtoto. Ni kweli kwamba matunda yanayo, na mwili wenyewe huitengeneza kidogo na kuivunja. Lakini hoja hiyo inajibu swali la saratani na kuliacha la mzio. Tofaa halipakwi kwenye mikunjo ya shingo ya mtoto mwenye pumu ya ngozi. Tumbo na ini vina namna yao ya kushughulika na kemikali, na ngozi iliyochubuka ina yake. Hapo naona kampuni ilichagua swali jepesi.

Kwa nini miaka miwili

Novemba 2011 muungano ulitoa ripoti ya pili, ile iliyoonyesha nchi 13, pamoja na barua kwa kampuni iliyoungwa mkono na mashirika kadhaa. Kampuni ikajibu kwamba ilikuwa imeshaanza kuondoa vihifadhi vinavyoachia formaldehaidi katika bidhaa za watoto, na baadaye mwezi huohuo ikaahidi kumaliza kazi hiyo duniani kote ndani ya miaka 2, sambamba na kushusha dioksani. Agosti 2012 ikaongeza bidhaa za watu wazima, kwa lengo la mwisho wa 2015. Januari 2014 ilitangaza kwamba ahadi ya bidhaa za watoto imetimia. Ilikuwa imebadilisha takriban bidhaa 100, kwa gharama ya makumi ya mamilioni ya dola kwa maelezo yake yenyewe.

Wapo waliouliza: kama mchanganyiko wa Afrika Kusini na Uholanzi upo tayari, miaka miwili ya nini? Swali zuri, na sehemu ya jibu ni ya kikemia. Mbadala mmoja uliotumika ni sodium benzoate, kihifadhi kinachojulikana hata katika soda na juisi. Lakini hicho hufanya kazi pale tu kimiminika kinapokuwa na asidi ya kutosha, pH (kipimo cha asidi, ambapo namba ndogo ni asidi zaidi) karibu na 5 au chini yake. Ukishusha pH, uzito wa shampuu unabadilika, inaweza kuwa nyepesi kama maji au kuganda, harufu inageuka, na ule utulivu wa macho lazima upimwe upya. Kisha inakaa miezi kwenye joto la maabara kuona kama bakteria watarudi. Kazi hiyo inafanywa kwa kila bidhaa, kila kiwanda, kila msambazaji wa malighafi.

Sehemu nyingine ya jibu ni ya kibiashara, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Kabla ya ahadi ile, kampuni ilikuwa tayari inauza Marekani aina nyingine, iliyoitwa ya asilia, isiyo na quaternium-15, kwa bei ya juu zaidi. Yaani ujuzi ulikuwepo, soko lilikuwepo, na mzazi mwenye pesa alikuwa na njia ya kuepuka. Aliyebaki na chupa ya kawaida ni yule anayehesabu kila senti. Kwa bidhaa ya mtoto mchanga sioni namna ya kuutetea mpangilio huo.

Mwaka 2018 kampuni ilizindua upya bidhaa zake za watoto ikiwa imepunguza viambato zaidi ya nusu na kuondoa rangi. Shampuu iliyokuwa ya dhahabu kwa miongo mingi ikawa haina rangi. Ile rangi haikuwa na kazi yoyote kwa mtoto, ilikuwa ya macho ya mnunuzi. Umoja wa Ulaya nao ulipiga marufuku quaternium-15 kwenye vipodozi mwaka 2019. Jimbo la New York liliweka kikomo cha dioksani katika vipodozi, sehemu 10 kwa milioni, kuanzia mwisho wa 2022.

Hata hivyo, si kila aliyekimbia formaldehaidi alikimbilia pazuri. Katika miaka hiyohiyo viwanda vingi duniani vilihamia methylisothiazolinone, na wagonjwa wa mzio wa ngozi wakaongezeka Ulaya kiasi kwamba chama kilekile cha Marekani kiliitaja kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka 2013. Umoja wa Ulaya uliiondoa kabisa katika vipodozi vinavyobaki kwenye ngozi na kuibana hadi sehemu 15 kwa milioni katika vile vinavyosuuzwa. Chupa zilizojitangaza kuwa hazina formaldehaidi zilisema kweli. Zilinyamaza kuhusu kilichochukua nafasi yake.

Tusichanganye kisa hiki na cha poda. Kesi za poda ya talki ya kampuni hiyohiyo zilihusu asbesto na njia nyingine kabisa ya madhara. Mara nyingi naona watu wakiyaunganisha yote kuwa “Johnson's ina saratani”, na mwishoni mzazi anatupa shampuu iliyobadilishwa tangu 2014 na kumwogesha mtoto kwa sabuni ya mche.

Kwetu, dukani na bafuni

Sabuni ya mche au ya kipande haina quaternium-15 wala dioksani. Ina pH ya karibu 9 hadi 10, wakati ngozi ya mtoto katika wiki zake za mwanzo inajitahidi kushuka kuelekea 5. Ukiitumia kila siku, ngozi inakauka na kupasuka, na hapo ndipo harufu na vihifadhi vya bidhaa nyingine hupata mlango. Dawa ya kuua vijidudu kwenye maji ya kuogea mtoto mzima wa afya haimsaidii, inamkausha vilevile. Kwa mtoto mchanga kabisa, Shirika la Afya Duniani linashauri asiogeshwe mpaka saa 24 zipite tangu azaliwe, na ute mweupe alionao usisuguliwe. Baada ya hapo maji ya uvuguvugu yanatosha siku nyingi, na sabuni ya maji kidogo pale kwenye nepi na mikunjo.

Maneno ya mbele ya chupa hayana nguvu mnayodhani. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilijaribu mwaka 1975 kuwataka watengenezaji wathibitishe kwa majaribio wanaposema bidhaa haileti mzio, na mahakama ikaifuta kanuni hiyo mwaka 1977. Tangu hapo neno hilo huko halina kipimo cha kisheria, na bidhaa zenye lebo za namna hiyo ndizo zinazofika mpaka kwenye maduka yetu. “Asilia” nalo ni hivyohivyo.

Geuza chupa. Vihifadhi vinavyoachia formaldehaidi huandikwa hivi: quaternium-15, DMDM hydantoin, imidazolidinyl urea, diazolidinyl urea, 2-bromo-2-nitropropane-1,3-diol, sodium hydroxymethylglycinate. Ukiona methylisothiazolinone na mtoto ana ngozi yenye pumu, rudisha rafuni. Parfum ni neno moja linaloweza kuficha viambato vingi vya harufu, na mtoto hana haja nayo. Dioksani hutaiona, lakini viambato vyenye PEG- mbele au -eth nyuma ndivyo vinavyoweza kuja nayo. Hivyo si vya kukimbia, maana ndivyo vinavyoleta upole. Ni sababu ya kununua bidhaa yenye mtengenezaji anayejulikana, yenye nembo ya shirika la viwango, yaani TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya. Tanzania vipodozi vilihamishiwa TBS mwaka 2019 kutoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, kwa hiyo malalamiko kuhusu sabuni ya mtoto yanapelekwa huko.

Halafu kuna desturi ambayo hakuna ripoti ya Marekani iliyoigusa: kuzimua. Shampuu ikikaribia kuisha tunaongeza maji, tunatikisa, inasukuma wiki nyingine mbili. Katika baadhi ya masoko hupimwa kutoka dumu kubwa kwenda kwenye chupa ndogo za zamani. Kihifadhi kilipimwa kwa ujazo wa kiwandani. Ukikizimua kinashindwa, na maji ya bomba au ya ndoo yameingiza bakteria wapya, yote siku moja. Ukitaka povu liwe jepesi, changanya kwenye kikombe pale unapomwogesha, kisha umwage kinachobaki.

Mtoto akitoka vipele vya shingoni, kwapani au nyuma ya masikio vinavyorudi kila baada ya kuoga, simamisha kila kitu isipokuwa maji kwa siku chache. Usibadilishe sabuni tatu ndani ya wiki moja, utashindwa kujua ipi ilihusika. Vikiendelea, au vikitoa majimaji, mpeleke kwa daktari, na ubebe chupa zenyewe, si jina ulilolikariri. Jina linaweza kuwa lilelile huku mchanganyiko ukiwa mwingine, na daktari anahitaji kusoma upande wa nyuma.